Dirisha la Nyuma

Ofisi nzima ya maji ilimjua kwa jina la Bi Nyongeza, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikaa dirisha la pili kutoka mlangoni, nyuma ya kioo chenye tundu dogo chini, na mbele yake mashine ya kadi iliyofungwa kwa mnyororo. Kila aliyelipa bili kwa kadi alikatwa nyongeza, na kila aliyekatwa alimtolea yeye uvivu. Mmoja alimwita kupe. Mwingine, mwanamume mzima na tai yake shingoni, alikitemea kioo mate. Naye hakuwa mtu wa kumeza.

"Kama hupendi, chimba kisima," alijibu. "Anayefuata!"

Na nyongeza yenyewe wala haikuwa lazima. Nyuma ya jengo, ukishapita choo na stoo ya mabomba, kulikuwa na dirisha lililopokea fedha taslimu bila kuongeza hata senti. Hakukuwa na kibao cha kulionyesha. Karani mmoja aliwahi kubandika karatasi ukutani, na wiki hiyohiyo akahamishiwa kazi ya kusoma mita juani. Meneja akawaita waliobaki.

"Mteja akiuliza kama kuna njia nyingine, mjibuni, tusije tukaambiwa tunaficha. Asipouliza, kwani nyinyi watangazaji?"

Yalikuwa maneno ya mtu asiye na haya, na makarani waliitikia kwa vichwa, Bi Nyongeza akiwa wa kwanza.

Sasa, katika foleni hiyohiyo, kila mwisho wa mwezi alisimama shangazi yake. Huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, yeye akiwa darasa la kwanza. Miaka thelathini alishona sare za shule kiwandani, mpaka kidole cha shahada kikapinda kisinyooke tena, na kwa kidole hicho akamsomesha uhasibu. Pensheni yake iliingia benki, mtaa wa pili tu, na kuitoa taslimu kusingemsumbua. Lakini aliziacha foleni fupi akapanga hii ndefu, apate kuwaambia watu, "Yule pale ni mwanangu. Mtukaneni mtakavyo, kazi anaijua."

Wakimlalamikia kuhusu makato, aliwakata kauli. "Kungekuwa na njia nyingine, mwanangu angeshaniambia."

Bi Nyongeza aliyasikia hayo kupitia tunduni, akamwomba aingize namba ya siri.

Mwezi wa kwanza alinyamaza kwa kuogopa, maana shangazi hana breki mdomoni. Angeambiwa asubuhi, mchana mtaa mzima ungekuwa kwenye dirisha la nyuma. Mwezi wa pili alinyamaza kwa sababu angeulizwa kwa nini hakusema mwezi wa kwanza. Baada ya hapo akazoea, na hilo la kuzoea ndilo baya kuliko yote. Ikatimia mwaka na nusu.

Ndipo akaja dobi. Maji yalikuwa ndiyo kazi yake, bili yake ya kutisha, na nyongeza yake vivyo hivyo. Siku hiyo aliingia akitokwa povu.

"Dirisha la taslimu lipo nyuma! Halina nyongeza! Mlinzi kaniambia. Huyu mwanamke anajua, anatukamua makusudi!"

Shangazi alikuwa dirishani, kadi iko tayari kwenye mashine. Akamgeukia dobi kwa hasira.

"Koma! Mwanangu si mwizi." Akakigeukia kioo. "Mwambie."

Bi Nyongeza aliangalia vitufe vya mashine.

"Mwambie, mwanangu."

"Lipo, shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Shangazi alichomoa kadi yake na kuondoka. Watu wa foleni ile walihamia nyuma wakimtukana mpaka mama yake.

Jumamosi Bi Nyongeza alikwenda kwa shangazi kuomba radhi. Hakukaribishwa ndani.

"Ungeninong'oneza tu," shangazi alisema, mkono kwenye kitasa.

"Ungewaambia watu, shangazi. Ningefukuzwa kazi."

"Ningewaambia, ndiyo. Ungefukuzwa, ungekuja kula kwangu, kama ulivyokula siku zote." Akafunga mlango.

Mwisho wa mwezi uliofuata foleni ilijaa watu wengine wasiojua lolote, kadi mikononi. Shangazi naye alikuwamo, amepanga kama kawaida. Hakumsifia mtu. Alipofika dirishani alipaza sauti.

"Samahani, dada. Kuna njia nyingine ya kulipa, isiyo na nyongeza?"

Meneja alikuwa amesimama mlangoni kwake. Bi Nyongeza alimtazama, meneja akatazama pembeni. Amri ilikuwa ni yake mwenyewe.

"Ipo. Dirisha la nyuma, kwa taslimu."

"Kwa sauti, dada. Masikio yangu ya kizee."

Akarudia, safari hii mpaka wa mlangoni wakasikia. Foleni ikavunjika. Matusi yakaanza, watu wakasukumana kutoka nje, na meneja akamwonyesha kwa kidole aje ofisini. Mbele ya kioo akabaki shangazi peke yake. Bi Nyongeza aliinama, mdomo karibu na tundu.

"Shangazi, nisamehe."

"Asante kwa maelezo, dada," shangazi akasema, kama anavyoambiwa karani yeyote, akawafuata wenzake nyuma.