Vunjajungu wa Kwenye Mrehani

Mimi nilikuwa mvivu wa kuosha vyombo, sitaficha, na mdudu ndiye aliyeniokoa. Kwetu Mlandege, mjini Iringa, miaka ile ya hamsini, kila mtoto alijua kwamba ukimshika vunjajungu utavunja chombo. Basi asubuhi moja nilipomkuta kwenye mrehani wa mama, uliopandwa ndani ya debe pale uani, nilimnyanyua makusudi mbele ya dada yangu, nikamwambia, haya bibie, sufuria zote ni zako.

Mama alinikemea weee, kisha akakubali mdudu akae, kwa sharti: nisisogelee vyombo vyake, na siku kitakapovunjika hata kimoja, vunjajungu anatoka. Dada alinuna wiki nzima. Akawa anasugua masufuria kwa majivu huku akiniambia nitaolewa na nani mimi, mvivu namna ile.

Uvivu ndio ulionipeleka kwa yule mdudu, lakini nilimpenda, nilimpenda kweli. Mwili wake kijani kibichi, shingo ndefu, na kile kichwa cha pembetatu anakigeuza kukutazama juu ya bega kama mkwe aliyekukuta umelala mchana. Ukimpulizia, anayumba taratibu pamoja na majani. Inzi akitua, yeye kimya. Humwoni akikamata, unaona tu ameshakamata. Akishiba anaisafisha miguu yake ya mbele, mmoja baada ya mwingine, kama paka. Jua likizama macho yake ya kijani yanageuka meusi. Siku aliyokunywa tone la maji kwenye ncha ya kidole changu, hata chakula sikukitaka.

Mama alikuwa akipita na ndoo yake akisema mtoto mzima unakaaje kutwa kumtazama mdudu. Lakini mara mbili nilimwona naye amesimama pale, ndoo mkononi.

Mwaka ule Idi iliangukia kwenye baridi, na baridi ya Iringa haina masihara. Vunjajungu akazubaa, tumbo zito, inzi wanampita na yeye hawatazami. Niliomba nimhamishie jikoni. Mama akakataa katakata, kwa sababu jikoni kulikuwa na bakuli lake. Lilikuwa la kaure, lina ukingo wa buluu. Mama yake alimpa siku anaolewa, naye akalipakata kwenye lori njia nzima kutoka kwao Mbeya, vumbi mpaka kwenye kope. Liliteremshwa kabatini siku ya Idi tu.

Asubuhi ya Idi nilikimbilia uani kabla sijavaa gauni jipya. Mrehani ulikuwa mtupu. Nilipekua jani kwa jani, mara nikasikia kishindo jikoni.

Mama alikuwa amesimama, mikono yake bado imekaa vile vile kama ameshika kitu. Bakuli lilikuwa vipande sakafuni. Na karibu na jiko, kwenye tawi la mrehani lililochomekwa ndani ya chupa, alikuwepo vunjajungu wangu. Dada akasema si nilisema. Niliapa kwamba sikumwingiza mimi, ila nani angeniamini? Nikaichukua ile chupa nikaanza kutoka nayo huku nalia, maana sharti ni sharti, na nje kulikuwa na umande wa kuua.

"Mrudishe," mama akasema. "Nimemleta mimi alfajiri, kwa mkono wangu huu. Alikuwa anakufa na baridi."

Akachutama, akawa anaokota vipande akiviweka kwenye upindo wa kanga.

"Nikanawa mara tatu," akaongeza, taratibu, kama anajisemea. "Kumbe haikutosha."

Katika nyumba ile hakuna aliyeuamini mwiko ule kuliko mama. Mimi nilikuwa nimeufanya kichaka cha kujifichia.

Nikaweka chupa mahali pake. Nikajifuta machozi, nikasogeza beseni, nikaanza kuosha vyombo vya Idi. Dada alifungua mdomo, mama akamtazama, akaufunga. Nilikuwa nimemshika yule mdudu kila siku kwa wiki nyingi, na asubuhi ile niliosha sahani zote, vikombe vyote na lile birika la wageni. Sikuvunja hata kimoja.