Nondo wa Nguo, Nondo wa Mahindi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi ya leo nilifungua debe la mahindi, na harufu ya unga uliokaa sana ikanirudisha jikoni kwa bibi yangu, kule Kinango. Nilikuwa mtoto, na nondo mdogo alikuwa ametua ukutani. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu, na urefu wake haukuzidi punje ya mchele.

“Macho yako mapya, hayajatumika,” bibi alinitania. “Hebu nitazamie. Ni wa nguo au wa mahindi?”

Nilimtupia jicho, nikasema ni wa nguo. Bibi akaanika leso zake zote juani, mahindi ya mbegu akayaacha darini.

Sasa najua kuwatofautisha. Wa nguo ana nywele za rangi ya kutu kichwani. Wa mahindi kichwa chake ni laini, na bawa la nyuma huchongoka kama kidole. Siku ile sikutazama kichwa.

Mvua iliponyesha tuliteremsha mbegu. Kila punje ilikuwa na tundu la mviringo. Bibi alijitanda leso, akanishika mkono, tukaenda kwa jirani kuomba mbegu.

“Mwenzangu, macho yangu yamekwisha,” alimwambia. “Nilimwona nondo, nikadhani ni wa nguo.”