Tela la Baba Mkwe

Wateja walimwita Fundi Cheche, ingawa yeye mwenyewe alisema cheche ni dalili ya kazi mbovu. Alikuwa fundi umeme wa magari, na karakana yake ilikuwa banda la mabati lililobanwa kati ya mchomeleaji na mama mmoja aliyeshona viti vya magari. Ukutani alitundika waya kwa rangi, kijani na kijani, nyekundu na nyekundu, na ole wake aliyechanganya.

Katika miaka sita ya ndoa yake, baba mkwe wake hakuwahi kukanyaga hapo. Si kwamba alimdharau. Mzee alikuwa fundi rangi mstaafu, mtu wa mikono, na kazi nzuri aliijua. Ila aliona haya. Nyumbani mkaza mwanawe alimwamkia kwa adabu na kumpa kiti kizuri. Angemtazamaje akiwa amelala chini ya gari, miguu nje? Kwa hiyo pikapu yake ikisumbua aliipeleka kwa fundi mwingine, ng'ambo ya mji, na jamaa wote wakajifanya hawajui.

Jumatatu hiyo asubuhi hakuwa na pa kukimbilia. Alikuwa anampeleka bintiye kitindamimba, aliyepata kazi ya uuguzi mji wa jirani. Nyuma ya pikapu alikokota tela lenye kitanda, godoro na kabati. Kwenye mzunguko wa barabara, askari wa kike akamsimamisha.

"Mzee, unakwenda kushoto au kulia?"

"Kushoto."

"Mbona tela lako linasema kote kote?"

Akaambiwa hatoki mjini mpaka taa zitengemae. Na karakana ya mkaza mwanawe ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka hapo.

Fundi Cheche alikuwa chini ya gari, miguu nje. Alipoviona viatu vile vyenye matone ya rangi alivijua mara moja, akainuka kwa pupa na kugonga kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole." Mzee aliyaelekeza macho kwenye mabati. "Tulikuwa tunapita tu."

"Hatukuwa tunapita, wifi," binti alidakia kutoka dirishani mwa pikapu. "Tumekamatwa!"

Fundi alijipangusa mikono, akamwomba wifi yake akae kwenye usukani na kubonyeza atakachoambiwa. Taa ndogo zilipowashwa, tela lilitoa mwanga hafifu kama wa mshumaa unaokwisha. Breki ilipokanyagwa, hata mwanga huo ukafifia. Indiketa ya kushoto ilipowekwa, taa zote zikaanza kukonyeza, za kushoto na za kulia.

"Balbu nimebadilisha mara mbili," mzee alisema. "Leo asubuhi nimezipiga makofi pia."

"Limeanza lini, baba?"

"Ijumaa."

"Na Alhamisi ulilifanya nini?"

"Alhamisi? Nililipaka rangi tu."

Fundi aliuma midomo. Tayari alikuwa na wazo, lakini mkwe hatupiwi lawama kwa kukisia. Kwanza alichomoa plagi ya tela, akapima soketi ya pikapu kwa taa yake ya kupimia, tundu moja baada ya jingine. Kushoto, kulia, breki, taa ndogo: zote zikaitika vizuri. Basi gari halikuwa na kosa. Ugonjwa ulikuwa kwenye tela. Akarudisha plagi, akachukua waya mrefu, ncha moja akaibana kwenye upande hasi wa betri, nyingine akaigusisha kwenye chuma cha taa ya tela. Palepale taa zikawaka kama mpya. Alipoiondoa, zikafifia tena.

"Umefanyaje hapo?" Mzee alisahau haya zake, akainama karibu.

"Umeme ukienda kwenye taa, baba, lazima uwe na njia ya kurudi. Hiyo ndiyo athi. Tela lako umeme unaingia, ila hauoni pa kurudia, unahangaika kupitia taa nyingine. Ndiyo maana zote zinakonyeza."

Akaufuata waya mweupe kutoka kwenye plagi mpaka kwenye bolti iliyoushikilia ubavuni mwa tela. Bolti, kichwa cha waya na chuma cha nyuma yake vyote vilikuwa bluu, vinang'aa. Alitafuta maneno.

"Rangi hii umeipiga mikono mingapi?"

"Mitatu," mzee alijibu, kifua mbele. "Nilifungua kila bolti, nikapaka mpaka chini yake. Tone la maji halipiti."

"Na umeme nao haupiti, baba."

Binti pale kwenye usukani alijiziba mdomo. Mzee aliitazama bolti, akamtazama mkaza mwanawe, kisha akaangua kicheko ambacho mama wa viti alitoka nje kukisikiliza.

"Nipe msasa," alisema. "Rangi yangu naikwangua mwenyewe."

Fundi alipofungua bolti, mzee alitoa mfukoni utepe wa karatasi wa mafundi rangi, akaubandika kuzunguka tundu ili asikwangue zaidi ya anachohitaji, akakwangua duara dogo na kichwa cha waya mpaka chuma kikawa cheupe. Alifanya kwa uchungu, kama anayejinyoa ndevu alizozipenda. Fundi akafunga waya, akakaza bolti, akapaka grisi juu kuzuia kutu.

"Kanyaga, wifi!"

Nyuma kukawa kwekundu, wazi, pande zote mbili. Indiketa ya kushoto ikakonyeza kushoto peke yake.

"Naweza kupaka rangi juu, sasa bolti imekazwa?" mzee aliuliza kwa sauti ya chini.

"Juu paka utakavyo. Chini ya waya, hapana."

Waliondoka, na wifi akapunga mkono mpaka wakapotea kwenye mzunguko.

Jumamosi iliyofuata mzee alirudi, safari hii akimwongoza jirani yake mwenye pikipiki isiyolia honi. Fundi Cheche hakupata hata nafasi ya kumwamkia mgeni. Baba mkwe alikuwa ameshavuta benchi karibu na pikipiki, na kidole kikiwa hewani alikuwa anamweleza jirani habari za athi, neno kwa neno, kana kwamba ameigundua yeye.