Jogoo wa Kipa

Juma lililopita gari la sinema la serikali lilifika kwetu Shinyanga, filamu ikaonyeshwa mchana ndani ya ghala la pamba, milango imefungwa. Ilihusu timu yetu ya wachambua pamba, wale waliocheza pekupeku wakawafunga vijana wa mgodini wenye viatu na kutwaa kombe. Sauti ya kwenye filamu ilimsifu sana meneja wa kiwanda kwa kuwanunulia mpira. Wachezaji haikuwataja hata mmoja.

Kipa wetu alipotokea akiruka, mama mmoja aliinuka na jogoo kwapani, akaenda kumweka chini, mbele ya shuka la sinema.

"Mama, hiyo ni picha tu," mwenye mashine ya sinema akamwambia.

"Najua. Nimemzaa mimi."

Kipa mwenyewe, aliyekaa nyuma yangu, alijifunika uso kwa haya. "Mayu, mama yangu, mimi niko huku! Utanipa nyumbani."

Mama hakugeuka. "Mcheza ngoma hutunzwa uwanjani, akiwa anacheza. Siku ile nilikuwa shambani nachuma pamba. Leo ndiyo nimekukuta uwanjani."

Nani angebisha? Ngoma zetu zote ndivyo zilivyo. Wengine wakamfuata, huyu na mayai, yule na kitambaa alichojivua shingoni, mpaka mwenye mashine akakosa pa kukanyaga.

Filamu ikarudi kwa meneja na mpira wake. Jogoo akawika, ghala zima likaangua kicheko, na sifa zilizobaki hakuna aliyezisikia.