Taulo Kwenye Kisima cha Propela

Cheka tu, ndugu yangu, mtaani Karama kule Dubai walicheka na Tanga wakacheka, lakini mimi hasira hazijaisha. Mtu mzima, fundi, nimepindua manowari kwenye bwawa la kuogelea la hoteli mbele ya wageni wa kanzu na suti, na chanzo ni taulo.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa Dubai, kwenye karakana ya mifano ya meli pale Al Jaddaf, mimi na Rama (wote watu wa Tanga, chumba kimoja, sufuria moja). Hoteli ya Al Barsha ikaagiza manowari ya karne ya kumi na tisa, milingoti mitatu na bomba la moshi katikati, ndefu kuliko pikapu, na ielee kweli. Arbab, yaani tajiri wetu, akasema wakiipenda anatuongezea viza, wasipoipenda, khalas, kila mtu kwao. Viza yangu ilikuwa ukingoni, na nyumbani nilikuwa nimeshaposa.

Sasa michoro alikuwa nayo Rama, na Rama ana roho ya korosho. Nyuma ya meli, juu ya propela, palikuwa na tundu lililotoboka kutoka chini mpaka kwenye sitaha. Nikamuuliza, "Rama, meli gani inatobolewa chini makusudi?"

"Wewe piga msasa, mambo ya ufundi niachie."

Kesho yake nikauliza tena, akaanza kupiga mluzi. Mluzi!

Siku ya uzinduzi meli ikashushwa bwawani, Rama akaenda kumpokea arbab, nikabaki nimeshika kamba. Kuchungulia lile tundu, maji yanapanda! Ningemwita, lakini tangu asubuhi tulikuwa hatusemeshani (na nimwite ili apige mluzi tena?), basi nikachukua taulo la hoteli, nikalikunja, nikalishindilia mle kwa mpini wa brashi mpaka likakaza. Maji yakatulia. Nikajiona nimeokoa viza za watu wawili.

Wageni wakajaa. Rama, kifua mbele, akawaeleza kwamba meli hizi zikienda kwa matanga, propela ikibaki majini inazivuta nyuma, kwa hiyo mabaharia waliipandisha ikaingia kwenye kisima chake, na maji ya kisimani yanakoma yenyewe, hayaingii melini, kwa sababu kuta zake zimezibwa mpaka juu. Maneno yale yale niliyomwomba kule karakana, anawagawia watu asiowajua!

Akazungusha winchi, propela ikapanda kidogo, ikagoma.

"Yalla, Ramadhani," arbab akasema, bado anatabasamu.

Rama akazidi kukaza. Nilitakiwa kufungua mdomo tu, lakini mimi huyo nikajitosa na viatu vyangu, nikadandia nyuma ya meli nikachomoe taulo, na ile meli nyepesi yenye milingoti mirefu ikalala ubavu, matanga yakapiga maji, mizinga ya mbao ikaelea huku na huku, madam wa hoteli akapiga yowe mpaka walinzi wakaja mbio. Nikaibuka na tanga kichwani na taulo mkononi.

"Nani kaliweka?" arbab akauliza.

"Mimi, arbab."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Niliuliza. Muulize Rama."

Rama akatazama viatu vyake.

Arbab alihitaji mtu wa kuitengeneza upya, na aliyejua michoro ni mmoja. Viza yangu ikafutwa. Nikiwa nafunga begi, Rama akakaa kitandani akaanza kulia. "Una mkono mzuri kunishinda," akasema. "Ungejua na ninachokijua, arbab angenibakishia nini?"

Sikumhurumia, na leo simhurumii. Nikamwambia alie vizuri, maana mchumba wangu akiozwa mtu mwingine, mimi sitakuwa na machozi ya kumwazima.

Na akaozwa kweli. Siku hizi kitu nisichoelezwa kazi yake sikigusi, hata kiwe kinazama na watu ndani.