Gunia Yangu ya Bunga

Wakati Katanga ilijitenga, bantu balikimbilia mu kambi pembeni ya muji, na sisi benye kubakia ku nyumba tulibachangia chakula. Mama moja, mukubwa wa komite ya parokia yetu ya Katolika, alikuya na kamyo ya kubeba mizigo mpaka ku mulango yangu. Marashi yake ilifika mu jiko mbele yake. Nikamupa gunia nzima ya bunga.

Gunia ilikuwa tayari mu kamyo. Nikamuuliza: "Batoto ya Baprotestanti nabo batakula?"

"Aa, mama, bale bana misioni yabo. Sisi tunaangalia kwanza bantu betu."

Bantu betu! Ati njala nayo ilibatizwa? Kwetu, muntu kutoa kitu halafu kukikamata tena iko haya kubwa. Lakini mi nilipanda mu kamyo, majirani yote banaangalia, nikateremusha gunia yangu.

"Mama, huogopi Mungu?"

"Mungu namuogopa. Weye, hapana."

Nikajitwika gunia ku kichwa mpaka ku kambi. Mwanamuke wa kwanza niliyemukuta na batoto, mbele hata ya kunisalimia, alinionyesha karte yake ya kubatizwa.

Nikamuambia: "Ficha ile karatasi, mama. Weka mayi ku moto, tusonge bunga."