Mgawa Karata Asiyeruhusiwa Kuinua Macho

Saa nne asubuhi, Ligaya Macaraeg anamgusa bega mwenzake aliye mezani. Mwenzake anaweka karata chini, anapiga kofi moja mbele ya kifua, anageuza viganja juu, anavigeuza chini, kisha anaondoka bila neno. Ligaya anachukua nafasi yake. Wateja wa mchezo wa ishirini na moja hata hawajainua vichwa.

Kofi lile si la furaha, ni la kamera iliyo darini. Mgawa karata wa Las Vegas haachi meza, hajikuni pua, wala hapokei maji kabla ya kuonyesha kwamba viganja vyake ni vitupu. Ligaya ana miaka sitini na moja, na kazi hii aliianza nywele zake zikiwa nyeusi zote.

"Siku ya kwanza nilijiona kichekesho," anasema. "Siku hizi hata nikimaliza kuosha vyombo napiga."

Wala si utani. Kanisani, akishatia sadaka kapuni, hupiga kofi na kugeuza viganja mbele ya mshika kapu. Padri mgeni aliwahi kumuuliza kama hiyo ni mila ya Wafilipino. Waumini wa benchi la nyuma, nusu yao wagawa karata vilevile, walicheka mpaka misa ikasimama kidogo.

Wiki hii shule zimefunga kwa likizo ya Machi, na mji umefurika familia. Zimekuja kwa magari kupitia jangwani, zimejaza maboya, viatu vya maji na watoto waliopakwa mafuta ya jua mpaka wanateleza. Kutoka kwenye lifti za hoteli hii kwenda bwawani kuna njia moja tu, nayo ni ya marumaru, inakata kasino katikati.

Marumaru ni ya wote. Zulia, penye meza na mashine, ni la watu wazima. Mtoto anaruhusiwa kupita, lakini kusimama haruhusiwi. Sheria ya jimbo haitaki aliye chini ya miaka ishirini na moja agande karibu na kamari, hata kama amesimama kufunga kamba ya kiatu.

Anayesimamia jambo hilo ni mlinzi Getachew Woldemariam, Mhabeshi mrefu mwenye sauti ya upole.

"Tembea, mrembo, miguu isilale," anamwambia msichana anayeshangaa taa za mashine. Kisha kwa mzazi: "Baba, bondia wako amegoma. Mbebe tu."

"Ameangusha kandambili," baba analalamika.

"Wewe nenda naye, kandambili nitaileta mimi. Hiyo haina umri."

Getachew anasema watu humwonea bure. "Wanadhani nalinda pesa. Pesa zina kamera. Mimi ni mchunga watoto mwenye redio."

Ligaya anasikia yote hayo akiwa mezani, lakini haoni kitu. Kanuni ya nyumba hii ni kwamba mgawa karata macho yake yako mezani: kwenye karata, kwenye sarafu za kasino, kwenye mikono ya wateja. Mteja naye haruhusiwi kugusa mkono wake. Hata bakshishi huwekwa mezani, haipokelewi mkononi.

Alikuja mji huu kutoka Pangasinan, kaskazini mwa Ufilipino, pamoja na mumewe Benigno, aliyepata kazi ya kuosha vyombo hotelini. Ligaya alisomea kugawa karata kwa wiki sita. Benigno alipofariki kwa maradhi ya moyo, mtoto wao Rowena alikuwa na miaka minne.

Mshahara wa Ligaya ni dola kumi na mbili na ushee kwa saa. Kinachomweka mjini ni bakshishi, ambazo wagawa karata huzichanga pamoja na kugawana. Mwezi mzuri hulipa nyumba na kubakiza. Mwezi mbaya, anasema, "tunakula wali na macho."

Wapo majirani waliomsimanga kwamba anakula jasho la wacheza pata potea. Yeye huwajibu kwamba hajawahi kucheza hata senti. Wazee wetu walisema kazi mbaya si mchezo mwema, na sijaona mahali neno hilo linapokaa sawasawa kama kwenye meza ya Ligaya, ambako mchezo mwema na kazi mbaya vinatazamana uso kwa uso.

Mwandishi wa makala haya ameishi Las Vegas muda mrefu kuliko anavyopenda kukumbuka, na alimtafuta Ligaya ili kuuliza habari za kamari wakati wa likizo. Badala yake alikuta mtu ambaye roho yake haikuwa kwenye kamari kabisa. Rowena alikuwa anakuja mjini na mjukuu.

Rowena sasa ni msaidizi wa daktari wa meno huko Bakersfield, California. Krismasi humletea mama yake zawadi, huja asubuhi na kurudi jioni. Lakini ndani ya kasino hajakanyaga tangu akiwa na miaka tisa, na kisa chake anakisimulia mwenyewe, kwa sauti kavu.

"Ilikuwa likizo ya Machi kama hii. Watoto wa dunia nzima wanakuja kwetu kuogelea, mimi nalala kwa shangazi, kwa sababu Machi mama hapewi ruhusa. Siku hiyo nilikuwa nimejifunza kuogelea. Nikamlilia shangazi anipeleke nikamwambie mama. Nikasimama kwenye marumaru, nywele zinachuruzika, nikaita: Mama. Nikaita tena. Alikuwa karibu kama huo mlango. Akaendelea kugawa karata. Mlinzi akanitoa."

Shangazi alimwambia mama hakusikia kwa sababu ya makelele ya mashine. Tangu apate mtoto, kila Machi Rowena humpeleka popote penye maji, mradi si Las Vegas.

Mwaka huu mambo yalipinduliwa na binti yake Marikit, anayeitwa Kit, mwenye miaka minane na ubishi wa watu wazima watatu. Baba yake, Ramiro, alimuuliza anataka kwenda wapi likizo. Kit akasema kwenye bwawa lenye mawimbi, halafu akamwone Lola, yaani bibi, akiwa kazini.

"Akikaa kwenye kochi nishamwona," Kit alieleza. "Nataka kumwona akifanya kitu."

Rowena alikubali kwa masharti. Wangelala katika hoteli hiyohiyo ya kasino, si kwa mama. Na yeye mwenyewe asingeingia kasino. Kit angepitishwa na baba yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji hakupona. "Nina vyumba viwili," Ligaya anasema. "Nimetandika vyote viwili. Hoteli wanayolala na nyumba yangu ni dakika ishirini." Analisema hilo huku akinyoosha kitambaa cha meza ambacho tayari kimenyooka.

Lakini lililomnyima usingizi si vyumba. Alijua Kit atapita, atamwita, naye hataweza kuinua macho. Alimwendea msimamizi wake, mama mmoja mkali aitwaye Bernadine, akaomba apewe meza ya ukingoni, jirani na marumaru.

"Meza nitakupa," Bernadine alisema. "Macho sikupi. Nikikupa wewe, kesho kila mtu ana mjukuu."

Jumanne jioni familia inakwenda kwa Ligaya kula chakula, na mwandishi anakaribishwa. Kit anaingia, anauchukua mkono wa bibi yake na kuugusisha kwenye paji la uso, ndiyo shikamoo yao. Ramiro, ambaye ni Mmeksiko, anafanya vivyo hivyo, kwa kujikunja maana ni mrefu. Rowena anambusu mama yake shavuni haraka na kwenda kuangalia sufuria. Shikamoo hiyo aliiacha utotoni, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mezani kuna samaki katika mchuzi mchachu wa ukwaju, na wali. Wakishakula, Ligaya anamwita Kit mbele yake.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Alhamisi ukipita, usiniite."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siwezi kukuitikia, na wewe utaumia. Mimi pia nitaumia. Badala yake tazama mikono yangu. Ukiona nimepiga hivi, na nimegeuza hivi, basi nimetoka mezani na macho yangu ni yako."

Kit anapiga kofi, anageuza viganja. Bibi anamrekebisha vidole. Wanarudia mpaka Ramiro anasema mtoto sasa anafaa kuajiriwa.

Kisha Ligaya anasema, bila kumtazama mtu yeyote hasa: "Mama yako aliwahi kuniita. Alikuwa na miaka tisa. Nilimsikia."

Rowena anamgeukia.

"Nilimsikia mara ya kwanza," Ligaya anaendelea. "Mezani palikuwa na mteja mwenye mikono myepesi, na nilikuwa na miezi michache tu tangu nipewe onyo. Lakini siyo hiyo tu. Nilijua nikimtazama nitalia, na mgawa karata akilia meza inafungwa. Basi nikatazama ree ya shupaza mpaka akaondoka. Mpaka leo siipendi karata hiyo."

Rowena anasimama, anakusanya sahani, anakwenda kuziosha, na maji yanasikika muda mrefu kuliko sahani zilivyohitaji. Wanaondoka mapema. Ligaya anabaki mlangoni akisema pengine amekosea kulisema mbele ya mgeni, yaani mimi.

Alhamisi, saa tano na nusu asubuhi. Meza ya ukingoni imejaa. Bwana mmoja wa Texas mwenye kofia pana anapoteza kwa kelele.

"Mama, wewe na mimi tulikosana lini?" anamuuliza Ligaya.

"Hatujakosana, bwana. Karata ndiyo haikujui."

Kit anatokea kwenye lifti na baba yake, boya begani. Wanapita polepole. Kit anaikodolea macho mikono ya bibi yake inayochanga karata, na kwa hakika ni kitu cha kutazama. Karata zinaingiliana kama nywele zinazosukwa. Hasemi neno. Anapiga kofi moja, anageuza viganja, anaendelea kutembea.

Ligaya hainui macho. Mkono wake unachelewa kidogo tu, halafu unagawa.

Wanafika mlango wa bwawa, wanageuka, wanarudi. Kofi jingine. Wanazunguka nguzo, wanapita tena. Getachew sasa ameelewa.

"Huyu bwawa limempotea," anaiambia redio yake. Kwa Kit anasema: "Hodari. Usisimame tu, mtazunguka mpaka Pasaka na mimi sitawaona."

"Yule mtoto ananipigia makofi mimi?" Bwana wa Texas anauliza. "Maana nimefilisika."

"Ananipigia mimi, bwana," Ligaya anasema, macho mezani, na sauti yake imebadilika. "Una kumi na sita. Unaongeza?"

Safari ya tano, wanaotoka upande wa lifti ni watu wawili lakini si walewale. Boya analo Kit. Aliyemshika mkono ni Rowena, na anatembea kama mtu anayevuka barabara yenye magari.

Mwandishi alikuwa amesimama penye mashine za kamari, akataka kumwashiria Ligaya. Angemwashiria vipi mtu asiyeruhusiwa kutazama? Walipita. Kofi la Kit likalia. Baada ya kofi hilo likalia la pili, zito zaidi, na Ligaya akasita, karata hewani. Makofi mawili hakuyategemea.

Aliigawa karata hiyo. Akalipa aliyeshinda, akakusanya za walioshindwa. Mama na mtoto walishafika nguzo ya mwisho na walikuwa wanageuka pale mwenzake wa zamu alipomgusa bega.

Ligaya akapiga kofi. Akageuza viganja juu, akavigeuza chini, kwa kamera, kama kanuni inavyotaka. Kisha akavigeuza tena kuelekea kwenye marumaru, jambo ambalo kanuni haikulitaka, akainua macho.

Rowena alikuwa anamjia, viganja viwili wazi mbele yake, vitupu.

Bernadine, msimamizi mkali, ghafla akaona kitu cha kusoma kwenye dari.

Ligaya akashuka kwenye marumaru. Hawakuruhusiwa kusimama kwa ajili ya mtoto, kwa hiyo hawakusimama. Wakatembea watatu kuelekea bwawani, na humo katika kutembea Rowena akauchukua mkono wa mama yake na kuuweka kwenye paji la uso. Hatua kadhaa hakuuondoa. Getachew alitangulia mbele akiwaondoa watu njiani.

"Mikono yako baridi, Mama," Rowena alisema.

"Ni hewa ya humu ndani."

Baadaye, kwenye viti vya bwawani, Rowena alikubali kuzungumza. "Shangazi alisema hakusikia. Mimi nilijua amesikia. Mtoto anajua. Sikutaka aache kazi, wala sikutaka aombe msamaha. Nilitaka aseme tu kwamba alisikia." Akafuta uso kwa taulo ya Kit, ambayo ilikuwa imelowa na haikusaidia.

Usiku huo walihamia kwenye vyumba vilivyotandikwa.

Lakini hapo bwawani, kabla hajarudi mezani, Ligaya anasema mpango wake ni mmoja. Machi ijayo ataomba ruhusa, na akinyimwa ataomba tena, na akinyimwa tena atastaafu. Anataka likizo ya shule imkute Bakersfield, yeye akiwa mgeni. Hataki kupelekwa popote. Anataka kusimama ukingoni mwa bwawa la mtaa wao, Kit akiogelea, na Rowena pia, maana hajawahi kumwona Rowena akiogelea.

"Nitasimama tu," anasema. "Nitazame."

Dakika zake za mapumziko zimekwisha, anainuka kurudi mezani. Kit, miguu majini, anamwita. Ligaya anageuka mara moja.

"Lola, kwetu hakuna marumaru," Kit anasema. "Unaweza kusimama mpaka uchoke."